Mwongozo kamili wa wajibu wa kampuni zinazobeba simu za dharura: kwa watoa huduma wa Dodoma na Kanda ya Kati

Kampuni inayobeba sauti za watu hubeba na vilio vyao vya kuomba msaada. Simu ya kawaida isipopita, mteja hununa kidogo, akapiga tena baadaye. Simu ya dharura, yaani 112, 114 au 115, isipopita, mara nyingi hiyo baadaye haipo. Ndiyo maana wadhibiti wa nchi nyingi wameitenga simu hii na nyingine zote, na ndiyo maana meneja wa kampuni ndogo ya intaneti pale Area D anatakiwa kuujua wajibu wake sawasawa na wakubwa wenye minara nchi nzima.

Nimewaandikia wanaoishika kazi hii kwa mikono: mafundi wa minara, wanaopanga njia za simu kwenye swichi (mtambo unaoelekeza kila simu iendako), maofisa wa leseni, na wanaosimamia swichibodi, yaani mitambo ya simu za ndani, za vyuo, hoteli na wizara. Msimamo wangu ni huu: wajibu wa kampuni hauishii pale mnara unapoipokea simu. Unaishia pale mtu wa upande wa pili anaposema haloo, akamsikia mpigaji, na akaweza kujua amtume nani na wapi.

Hatua ya 1: Jua leseni yako inakuweka wapi kwenye safari ya simu

Tangu 2005 Tanzania ina mfumo wa leseni wenye makundi manne: miundombinu ya mtandao, huduma za mtandao, huduma tumizi na maudhui. Sheria mama ni Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na msimamizi ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na yenye ofisi ya kanda hapa Dodoma. Toa leseni yako kabatini, isome pamoja na viambatisho vyake na kanuni zinazoambatana nayo, kisha chora kwenye karatasi safari nzima ya simu moja ya dharura: simu ya mkononi, mnara, faiba au mawimbi ya kutoka mnarani, swichi, kiungo cha kwenda mtandao mwingine, chumba cha kupokelea simu. Chini ya kila kipande andika jina la kampuni inayokimiliki, na jina la mtu wa zamu anayepokea simu saa nane usiku.

Mchoro huu ni muhimu kwa sababu siku hizi mnara ni wa kampuni moja, antena za nyingine, faiba ya tatu, na jenereta inajazwa dizeli na mkandarasi wa nne. Kila mmoja hudhani mwenzake ndiye mwenye jukumu. Marekani walilijua hilo Aprili 2014. Kompyuta moja katika kituo cha Englewood, Colorado, iliyokuwa ikizipa namba simu za 911, namba ya dharura ya kule, ilifika kikomo cha hesabu kilichowekwa kwenye programu yake, ikaacha kuzipangia njia. Kwa takriban saa 6, vituo 81 vya kupokea simu katika majimbo 7 viliathirika, na zaidi ya simu 6,600 hazikufika. Kompyuta ilikuwa ya mkandarasi, kampuni ya Intrado, ambayo ililipa dola milioni 1.4. Lakini CenturyLink, kampuni ya simu iliyokuwa imempa kazi, ililipa dola milioni 16, na Verizon, kampuni nyingine ya simu, milioni 3.4. Mdhibiti hakukubali neno la "huyo ni mkandarasi wetu".

Kwa hiyo mkataba wako na mwenye mnara au mwenye faiba uwe na kifungu cha simu za dharura: atakujulisha ndani ya dakika ngapi, nani atapigiwa, na una haki ya kukagua nini. Kama mkataba wa sasa hauna, andika nyongeza kabla ya masika.

Hatua ya 2: Hakikisha namba zote zinapita bila salio

Namba unazoanza nazo ni 112 ya polisi na dharura kwa ujumla, 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na 115 ya usafiri wa wagonjwa. Hii ya 115 ndiyo inayotumiwa na mpango wa m-mama, uliotangazwa kuenea nchi nzima mwaka 2022, kwa ajili ya mama wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ongeza na 116 ya kuwasaidia watoto. Mtoto anayepigwa nyumbani naye yumo kwenye dharura, hata kama hakuna moto wala ajali.

Zote ni bure kwa mpigaji. Mafundi wengi hulitimiza hilo kwa kuweka bei ya sifuri kwenye mfumo wa malipo, wakaona wamemaliza. Hawajamaliza. Simu yenye bei ya sifuri bado inauliza mfumo wa malipo ruhusa ya kupita, na siku mfumo huo ukizimika au ukilemewa, simu inabaki mlangoni. Namba hizi zinatakiwa kupita pembeni kabisa ya mfumo wa malipo. Kagua kwenye swichi: je, swali linapelekwa kwenye mfumo wa malipo kabla ya kuangalia namba iliyopigwa, au baada? Jibu likiwa "kabla", hapo pana kazi.

Kisha jaribu laini zenye matatizo, siyo laini ya ofisi yenye salio la mwaka mzima: laini isiyo na hata senti, iliyofungiwa kupiga kwa sababu ya deni, na mpya ambayo usajili wake haujakamilika. Hao ndio wateja wako wa kweli kule Chemba na Bahi.

Hatua ya 3: Elewa jinsi simu inavyoitambua namba ya dharura

Hapa ndipo penye makosa mengi. Simu ya mkononi ina namba inazozijua yenyewe, hata bila laini. Kwa viwango vya kimataifa 112 na 911 zimo daima. Bila laini ndani yake, simu huongeza chache kama 999, 000, 110, 118 na 119. Orodha hiyo ya kimataifa haina 114 wala 115.

Maana yake kwa vitendo ni kubwa. Mtu akipiga 112, simu huituma kama simu ya dharura: inapewa kipaumbele, inaruhusiwa hata pale laini yake haina mtandao wake eneo lile, na kwenye 2G na 3G haibebi hata ile namba iliyobonyezwa. Mtandao unaambiwa tu "hii ni dharura", nao unaamua pa kuipeleka kwa kuangalia imetoka seli gani, yaani eneo linalofunikwa na antena ipi. Mtu akipiga 114 au 115 kutoka kwenye simu isiyozitambua, inaondoka kama simu ya kawaida, inayohitaji laini iliyosajiliwa na mtandao wake mwenyewe uwepo.

Kinachotakiwa kufanyika:

- Weka 114 na 115 kwenye orodha ya dharura iliyo ndani ya laini unazouza. Orodha hiyo ina nafasi ya kuonyesha aina ya huduma: polisi, gari la wagonjwa, zimamoto. Ijaze. Bila hiyo, 114 ikitambuliwa kama dharura itapelekwa kunakopelekwa dharura zote, na mtu mwenye moto Nkuhungu atajikuta anaongea na polisi badala ya zimamoto.
- Panga njia mbili kwa kila namba: moja ya simu inayokuja kama dharura, nyingine ya simu inayokuja kama namba ya kawaida. Zijaribu zote mbili.
- Kama unabeba sauti kwa 4G, hakikisha simu ya dharura nayo inapita humo, au inashuka 2G au 3G bila kukatika. Australia ilipozima 3G mwishoni mwa Oktoba 2024, simu zisizoweza kupiga dharura kwa 4G zilibidi zizuiwe mtandaoni, wenye simu wakabadilishe. Anayepanga kuzima teknolojia ya zamani aanze na swali hili.

Kuna na suala la msongamano. Kila laini ya kawaida ina daraja kati ya 0 na 9, na mtandao ukilemewa unaweza kuyafungia madaraja hayo kwa zamu. Daraja la 10 ni la simu za dharura peke yake, na la 14 ni la watumishi wa huduma za dharura. Siku za Nanenane pale Nzuguni, fundi anaweza kubana madaraja ya kawaida ili mtandao usianguke. La 10 asiliguse. Liandike hilo kwenye karatasi ya zamu kwa herufi kubwa.

Hatua ya 4: Ifikishe kituo kinachohusika, na mahali pajulikane

Mikoa ya kati ina mipaka inayokanyagana. Nenda ukutani mwa bwawa la Mtera, kwenye barabara ya Dodoma kwenda Iringa, utaona: simu iliyoko upande wa Mpwapwa inaweza kushika mnara ulioko upande wa Iringa, kwa sababu maji hayazuii mawimbi na ng'ambo kuna mwinuko. Ajali ikitokea hapo na njia zako zimepangwa kwa mkoa wa mnara, simu italia Iringa. Hali hiyohiyo iko kati ya Kongwa na Gairo, na kati ya Bahi na Manyoni. Seli hizi za mpakani ziorodheshe moja moja, ukae na polisi na kituo cha uratibu cha 115 mkubaliane kila moja iende wapi, na wapokeaji wa pande zote mbili wawe na namba ya kuhamishiana simu bila kumwambia mpigaji akate apige upya.

Sasa, mahali alipo mpigaji. Mteja atakwambia yuko "karibu na mnada wa Msalato", na mwenyeji akaelewa. Lakini dereva wa lori kutoka Kigali aliyepinduka usiku hajui hata jina la kijiji. Mtandao unaweza kusaidia kwa kiasi, na wajibu wako ni kukijua kiasi hicho bila kukikuza. Kwenye 2G, mnara hupima umbali wa simu kwa hatua za takriban mita 550. Mnara wa kawaida wenye pande tatu za antena unajua pia simu iko upande gani. Tuseme mpigaji yuko kilomita 10 kutoka mnarani: umempata ndani ya utepe wenye urefu wa kilomita 21 hivi na upana wa nusu kilomita, kama kilomita za mraba 11. Porini Chemba hiyo ni kazi ya usiku mzima kwa gari moja. Kwenye 4G hatua ya umbali ni takriban mita 78, ambayo inapunguza utepe mara saba.

Bora zaidi ni simu yenyewe kutuma mahali ilipo. Simu za Android tangu 2016 na iPhone tangu 2018 zina uwezo wa kuwasha GPS zenyewe mtu anapopiga dharura na kutuma alama za mahali kwa ujumbe. Uwezo huo hufanya kazi tu pale kituo cha kupokelea na mitandao ya nchi vimeunganishwa nao, kwa hiyo ni jambo la kulipeleka mezani TCRA mkiwa watoa huduma wote pamoja. Wakati mnalisubiri, fanyeni lililo mikononi mwenu: jedwali la seli lisomeke na binadamu. Badala ya msimbo wa tarakimu nane, mpokeaji aone "Mnara wa Mbande, upande unaotazama Kibaigwa". Na pale mteja ana huduma ya nyumbani au ya ofisi isiyohama, chukua anwani yake ya makazi, namba ya nyumba na jina la mtaa, siku ya kumfungia huduma. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilitupa kibao karibu kila nyumba. Kutokuitumia hapa ni kuacha mali nje.

Hatua ya 5: Njia mbili ziwe mbili kweli

Kanuni za Marekani kwa wanaobeba 911, zilizopitishwa Desemba 2013 baada ya dhoruba ya Juni 2012 kuvikatia mawasiliano vituo vingi vya dharura, zinadai kampuni ithibitishe kila mwaka mambo matatu: njia za waya zisizotegemeana, umeme wa akiba, na ufuatiliaji wa mtandao. Hata mahali ambapo sheria haijasema hivyo, ni orodha nzuri ya kujipima nayo.

La kwanza hudanganya kwenye karatasi. Una faiba mbili kutoka kampuni mbili, rangi mbili kwenye ramani, na zote zinavuka korongo moja juu ya daraja moja. Mvua ya Januari ikilichukua daraja, umebaki na sifuri. Reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe imeshachukuliwa na mafuriko mara nyingi, na waya zinazofuata bonde la namna hiyo zinaishi maisha hayohayo. Pia usisahau tingatinga. Dodoma inajengwa kila upande, na barabara ya mzunguko wa nje peke yake ina urefu wa kilomita 112.3, kupitia Nala, Veyula, Mtumba na Ihumwa. Kila kilomita yake ni mahali ambapo greda inaweza kuikuta faiba ambayo haikuwa kwenye michoro ya mkandarasi.

Tembea njia zako. Nasisitiza kutembea, kwa sababu ramani ya ofisini haionyeshi kwamba nyaya za njia ya pili zilipitishwa kwenye bomba la njia ya kwanza kwa mita mia tatu. Chukua mtu wa kila kampuni, anzeni kwenye swichi, fungueni kila shimo la ukaguzi, pigeni picha, andikeni kila mahali njia mbili zinapokaribiana. Pale zinapokutana na hakuna pesa ya kuzitenganisha, weka kiungo cha mawimbi hata kiwe chembamba. Simu moja ya sauti haili hata sehemu ndogo ya kile kinacholiwa na video moja, kwa hiyo kiungo hicho chembamba kinaweza kutengewa dharura peke yake na kikatosha.

Jambo jingine: simu ya dharura ya Dodoma kwenda Dodoma isitegemee chochote kilicho nje ya nchi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilikatika na intaneti ikadorora Tanzania nzima. Kampuni ambayo swichi yake ya sauti iko kwenye kompyuta za kukodi Ulaya ijiulize, siku kama ile, mteja wake wa Makole angempigia 112 kwa njia gani.

Hatua ya 6: Umeme wa akiba, kwa hesabu, siyo kwa matumaini

Kwa maoni yangu hapa ndipo Kanda ya Kati inapodhurika kuliko penginepo. Minara mingi iko mbali na barabara ya lami, na masika yakikolea gari la dizeli halifiki kwa siku kadhaa.

Fanya hesabu kwa kila mnara. Chukua mfano wa mnara wenye betri za volti 48 na ujazo wa Ah (ampea-saa) 600. Zidisha: ni kilowati-saa 28.8. Betri za risasi hazitakiwi kukamuliwa zaidi ya nusu, kwa hiyo unazo 14.4. Vifaa vikila kilowati 1.8, una saa 8. Hizo ni saa 8 za betri mpya. Betri ya risasi iliyotengenezewa nyuzi joto 25 hupoteza takriban nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, na ndani ya kibanda cha bati cha Manyoni mwezi Novemba, feni ikiwa imekufa, nyuzi 40 siyo jambo la ajabu. Baada ya miaka miwili, saa 8 za kwenye faili zinaweza kuwa 3.

Kwa hiyo usiamini faili. Kila baada ya miezi sita zima umeme wa TANESCO na jenereta kwa makusudi, mchana, fundi akiwa pale, na upime muda hadi volti zifike kikomo. Andika tarehe, joto la kibanda, volti za mwanzo na za mwisho, jina la aliyepima. Karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea mkaguzi akija. Kipimo cha Marekani ni saa 24 kwa jengo la swichi linalohudumia kituo cha dharura moja kwa moja, na saa 72 kwa lile lenye swichi inayogawa simu za dharura. Kwa minara ya kawaida hutaweza kufika huko yote. Chagua basi minara ya uti wa mgongo: inayofunika hospitali, barabara kuu za Morogoro, Singida, Iringa na Kondoa, na vijiji ambavyo vina mnara mmoja tu. Hiyo ipewe sola na betri za lithiamu kwanza.

Dizeli huibwa. Weka kipimo cha tangi kinachotuma taarifa, na mlinzi wa mnara umlipe kwa wakati.

Hatua ya 7: Mnara uliokatika nyuma usiendelee kuwaka mbele

Hili halijulikani vya kutosha. Faiba ikikatika lakini umeme upo, antena zinaendelea kutoa mawimbi. Simu za wateja zinaona mistari minne ya mtandao, zinang'ang'ania hapo, na mtu akipiga 112 simu inaingia kwenye mnara usio na pa kuipeleka. Mnara ungejizima, simu ingetafuta mtandao wa jirani, kwa sababu kwa 112 simu inaruhusiwa kujaribu mtandao wowote unaopatikana. Uchunguzi uliofanywa baada ya mtandao wa Optus, kampuni ya simu ya Australia, kukatika tarehe 8 Novemba 2023 ulilitaja jambo hili: sehemu ya minara haikujizima kama ilivyotarajiwa.

Weka mpangilio kwamba seli ikipoteza kiungo chake cha nyuma, kile cha kwenda kwenye swichi, kwa dakika chache ijifunge yenyewe. Kisha kaa na watoa huduma wengine wenye minara jirani, mbele ya TCRA, muafikiane kwamba kila mmoja anazipokea simu za 112 za wateja wa mwenzake, na mjaribu hilo uwanjani.

Hatua ya 8: Swichibodi na simu za intaneti

Ukiuza au kusimamia swichibodi ya hoteli, chuo kikuu au jengo la wizara Mtumba, hakikisha mtu anapata 112 kwa kubonyeza 112, bila kuanza na 9 wala 0 ya kutokea nje. Desemba 2013 huko Marshall, Texas, mtoto wa miaka tisa alijaribu mara nne kupiga 911 kwenye chumba cha hoteli mama yake akishambuliwa, simu zisitoke kwa sababu hakujua kwamba ni lazima aanze na 9. Mama alifariki. Marekani ikatunga sheria iitwayo Kari's Law, kwa jina la mama huyo, mwaka 2018, na mifumo iliyowekwa tangu Februari 2020 lazima ipige moja kwa moja na ijulishe mapokezi kwamba chumba fulani kimepiga dharura. Hiyo ni kazi ya nusu saa kwa fundi wa swichibodi. Ifanye wiki hii.

Kwa simu za intaneti zinazohama na mteja, mwambie kwa maandishi, kwa Kiswahili, kwamba umeme au intaneti ikikatika hataweza kupiga dharura, na kwamba anwani mliyonayo ni ile aliyosajili.

Hatua ya 9: Jaribu, na ulinde mabadiliko

Usipige 112 kujaribu bila kupatana na polisi. Omba kwa barua, mpange saa tulivu, mpigaji aanze kwa kusema "hili ni jaribio la kampuni fulani", na mpokeaji asome namba na seli anayoiona. Rudia kwa kila aina: 2G, 3G, 4G, laini yetu, laini ya mwenzetu, bila laini. Fanya hivyo kila robo mwaka, na kila baada ya badiliko lolote kwenye swichi.

Hitilafu kubwa nyingi za simu za dharura zimetokana na programu, mipangilio na mikono ya watu kuliko radi. Tarehe 25 Juni 2023 huduma ya 999 ya Uingereza, inayoendeshwa na kampuni ya simu ya BT, iliyumba kwa saa 10 na nusu kwa sababu ya kosa kwenye faili la mipangilio. Simu karibu 14,000 hazikuunganishwa. Mfumo wa akiba ulikuwepo, lakini jaribio la kwanza la kuhamia huko lilishindikana kwa sababu maelekezo yaliandikwa vibaya na watu wa zamu hawakuyazoea. Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano wa huko, iliwatoza pauni milioni 17.5 Julai 2024. Kwa hiyo maelekezo ya kuhamia akiba yaandikwe kwa Kiswahili cha mtu aliyeamshwa usingizini, hatua kwa hatua, na kila mtu wa zamu ayatekeleze kwa mikono yake angalau mara mbili kwa mwaka. Badiliko kwenye swichi lifanyike likiwa na njia ya kurudi nyuma, na lisitangazwe kuwa limekamilika mpaka simu ya dharura ya majaribio imepokelewa.

Alamu nayo iangalie simu, siyo mashine peke yake. Mashine zinaweza kuwa za kijani zote huku simu za 115 zimeshuka kutoka wastani wa kila siku hadi sifuri. Weka alamu ya "hakuna simu ya dharura iliyopita kwa saa kadhaa".

Hatua ya 10: Hitilafu ikitokea, saa inaanza kuhesabu

Fuata muda uliowekwa kwenye leseni na kanuni zako. Ndani ya kampuni jiwekee mkali zaidi. Wa kuigwa ni ule wa Marekani, ambapo vituo vya dharura vilivyoathirika hujulishwa ndani ya dakika 30. Mpigie ofisa wa zamu wa polisi kwa namba ya kawaida, Zimamoto, kituo cha uratibu cha 115, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Benjamin Mkapa, kisha TCRA. Maafa yakiwa makubwa kuna pia Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022. Mwambie kila mmoja mambo manne: wilaya zilizoathirika, namba zisizopita, njia mbadala, na lini utampigia tena hata kama hujapata jipya. Wananchi watangazie kwa redio za mikoa, kwa sababu mtu asiye na mtandao hawezi kusoma tangazo lako mtandaoni.

Kuhusu siri za mpigaji: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu. Mwanasheria aandike mapema utaratibu wa nani anaruhusiwa kutoa mahali alipo mpigaji, kwa nani, na wapi inaandikwa kwamba ametoa. Fundi asilazimike kuamua peke yake usiku, wala ndugu wa mteja asipate mahali pa mtu kwa kupiga kelele kaunta.

Mtandao ukirudi, kazi bado. Toa kwenye kumbukumbu za swichi orodha ya kila namba iliyojaribu kupiga dharura ikashindwa. Optus, kwenye tukio lile la 2023, watu 2,145 hawakuweza kupata dharura, na 369 kati yao kampuni haikuwafuatilia kujua kama wako salama. Adhabu ilizidi dola milioni 12 za Australia. Gawa orodha kwa watu wa huduma kwa wateja usiku huohuo, waanze na waliopiga zaidi ya mara moja. Swali ni fupi: "Ulijaribu kupiga dharura saa fulani, simu haikupita. Uko salama? Bado unahitaji msaada?" Asiyepokea apigiwe tena baada ya dakika kumi. Asipopokea mara ya tatu, namba yake, saa aliyopiga na jina la mnara vikabidhiwe polisi wa wilaya ile kwa maandishi, na jina la ofisa aliyepokea liandikwe pembeni ya namba hiyo.